Kupasha joto vani ya kulala: mwongozo wa msimu wa baridi

Kila mwaka majani yakianza kupukutika huku Ulaya, swali huwa lile lile: nimenunua Ducato (vani ya mizigo ya Fiat) iliyotumika, nimeshaweka kitanda na meko ya gesi, sasa ninunue hita gani? Jibu langu huanza mbali kidogo na hita. Vani ya mizigo ni bati tupu, na joto utakalolitia humo litatoroka usiku kucha ikiwa kuta hazijavishwa. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata kazi jinsi inavyopaswa kwenda: kwanza hesabu, kisha kuta, kisha unyevu, ndipo hita yenyewe na namna ya kuifunga. Nimeuandika nikiwafikiria zaidi Waswahili walioko Ujerumani, Uingereza na nchi jirani wanaojitengenezea vani wenyewe, lakini walio nyumbani kwenye miinuko watakuta sehemu yao huko mbele.

Kuna kanuni moja inayosimamia hatua zote. Moto unaokupasha joto usivute hewa unayovuta wewe, na moshi wake usipite mahali unapolala. Hita nzuri ya vani ina chumba cha moto kilichofungwa kabisa. Huvuta hewa yake kutoka chini ya gari, huchoma dizeli au gesi ndani ya chumba hicho, na hutoa moshi chini ya gari. Feni nyingine hupitisha hewa yako pembeni mwa mapezi ya chuma yaliyopata moto na kuirudisha kwako ikiwa na joto. Hewa hizo mbili hazikutani popote. Kifaa chochote kinachowaka wazi ndani ya vani, kiwe jiko la mkaa, stovu ya mafuta ya taa, hita ndogo inayopachikwa juu ya mtungi, au meko ya kupikia iliyoachwa inawaka, kinavunja kanuni hiyo.

Jiko la mkaa lisiingie ndani

Naliweka hili mbele kwa sababu wengi wetu tumekulia kando ya jiko. Limuru, Njombe, Kabale, usiku wa Julai watu huingiza jiko chumbani, na misiba inayotokana na hilo tunaijua. Ndani ya vani hatari inazidi, kwa kuwa nafasi ni ndogo mno: Ducato ya urefu wa kati yenye paa la juu ina meta za ujazo 11 na nusu tu, na ukiondoa kitanda na makabati, hewa inayobaki ni kidogo zaidi. Mkaa unaoonekana umeiva vizuri, mwekundu na hauna moshi, ndio unaotoa kaboni monoksidi kwa wingi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka lakini haibebi pumzi.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, kama malaria inayoanza. Aliye macho anaweza kudhani ana homa akaenda kujilaza. Aliyelala hahisi chochote. Kufungua kioo kidogo si kinga ya kutegemea, kwa sababu huwezi kujua hewa inaingia au inatoka kiasi gani. Hali ni hiyo hiyo kwa majiko ya bati ya kuchomea nyama yanayouzwa madukani wakati wa kiangazi. Hata yakionekana yamezima, yaache nje mpaka majivu yapoe kabisa.

Meko ya gesi ya kupikia ina tatizo la pili. Kilo moja ya propani ikiungua hutoa maji zaidi ya kilo moja na nusu katika umbo la mvuke, na mvuke huo wote unabaki ndani ya vani yako. Utapata joto la nusu saa, kisha maji yatachuruzika ukutani hadi asubuhi. Pika chakula chako huku tundu la paa likiwa wazi, kisha uzime.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya joto

Wengi hununua hita kubwa kuliko mahitaji yao kwa kuwa hawajapiga hesabu. Si ngumu. Unahitaji eneo la kuta, paa na sakafu, unahitaji tofauti ya joto kati ya ndani na nje, na unahitaji kujua kila meta ya mraba inapoteza wati ngapi kwa kila nyuzi moja ya tofauti.

Vani ya wastani ina karibu meta 30 za mraba za bati. Ikivishwa sponji nzuri ya milimita 19, na ukihesabu zile mbavu za chuma ambazo hazifunikiki vizuri, makadirio ya wati 2 kwa kila meta ya mraba kwa kila nyuzi ni ya haki. Tuseme unataka nyuzi 18 ndani na nje ni nyuzi 5 chini ya sifuri. Tofauti ni 23. Zidisha 30 kwa 2 kwa 23, unapata wati 1,380. Vioo vya mbele na vya milango ni kama meta 3 za mraba, na kioo kimoja kitupu hupoteza karibu wati 5.8 kwa kila meta ya mraba kwa kila nyuzi, kwa hiyo ongeza wati 400. Hewa safi unayoiruhusu iingie itadai wati 150 hivi. Jumla inakaribia kilowati 2.

Kilowati 2 basi, na hapo kuna baridi ya kugandisha maji. Ile hita iliyoandikwa kilowati 5 au 8, ambayo muuzaji anakuambia ni bora kwa sababu ni kubwa, itaishi kwenye kiwango chake cha chini kabisa maisha yake yote. Hita ya dizeli inayochechemea kwenye moto mdogo hujaa masizi, na ikijaa masizi inakataa kuwaka usiku ule unaoihitaji. Ukubwa uliozidi ni hasara. Kwa vani ndefu yenye paa refu sana, au kwa anayekaa Skandinavia nyuzi 20 chini ya sifuri, kilowati 4 zina maana. Kwa wengine wote, 2 zinatosha.

Hatua ya pili: vika kuta kabla ya kununua hita

Nyenzo inayopendwa na mafundi wengi ni sponji ya mpira mweusi yenye vitundu vilivyojifunga, ile ambayo wengi wanaiita Armaflex kwa jina la kampuni moja inayoitengeneza. Sababu ya kuipenda si uwezo wake wa kuzuia joto tu. Mvuke haupenyi ndani yake, kwa hiyo ikigandamizwa vizuri kwenye bati, hewa yenye unyevu haifiki kwenye chuma baridi, na kutu haipati pa kuanzia. Pamba ya kioo inayowekwa kwenye dari za nyumba siipendi ndani ya vani: hulowana, hushuka chini ya ukuta kwa mtikisiko wa barabara, na ikishalowana haizuii joto tena.

Namna ya kufanya:

Ondoa kutu yote kwa msasa na upake rangi ya kuzuia kutu. Futa bati kwa spiriti hadi kitambaa kitoke safi, maana gundi haishiki juu ya mafuta. Chagua siku ambayo bati si baridi, kwani gundi haikamati vizuri kwenye chuma kinachogusika kama barafu. Kata vipande vikubwa kidogo kuliko nafasi, vibandike kuanzia katikati kwenda pembeni huku ukisukuma hewa itoke, na uzibe maungio kwa utepe wa nyenzo ile ile. Mbavu za chuma zilizo wazi zivishe hata kwa sponji nyembamba ya milimita 6 au 10, kwa sababu huko ndiko joto linakokimbilia na ndiko umande wa kwanza utakakoonekana. Ndani ya mbavu zenye tundu unaweza kusukumia sufu ya kondoo. Usijaze povu la kupuliza humo: linaziba njia za maji ya mvua kutoka, na likitanuka linaweza kupinda bati.

Sakafuni, bodi ngumu ya povu ya milimita 20 chini ya plaiwudi inatosha, ili mradi usipoteze kimo cha kusimama.

Kisha vioo. Kwa fedha kidogo na jioni moja ya kushona, hakuna kazi inayolipa zaidi ya hii. Shona mikeka minene ya kuvika vioo vya mbele, na utundike pazia zito au blanketi la sufu kati ya viti vya mbele na sehemu ya kulala, lifike sakafuni. Kabini ya dereva ina vioo, milango myembamba na matundu ya hewa ya kiwandani ambayo huwezi kuyavika. Ukiitenga, umeondoa robo ya kazi ya hita.

Hatua ya tatu: unyevu

Watu wawili wakilala usiku mmoja hutoa nusu lita ya maji au zaidi kwa kupumua na kutoa jasho. Ongeza chai ya jioni, ubwabwa ulioivishwa, jaketi lililolowa theluji na mbwa kama yupo. Maji hayo yataelekea kwenye chuma baridi kuliko vyote, na kama hujayatolea mlango, yatatua chini ya godoro.

Kwa hiyo vani inayopashwa joto lazima pia ipumue. Weka tundu la hewa chini, karibu na sakafu, na lingine juu, kwenye paa, na yote mawili yabaki wazi kidogo usiku kucha. Mtu anayekutana na baridi ya Ulaya kwa mwaka wa kwanza huona uchungu kufungua tundu la paa wakati hita inakula mafuta, lakini hesabu tuliyoipiga tayari imeweka wati 150 kwa ajili hiyo, na hizo ndizo wati zenye faida kubwa kuliko zote. Hewa ya nje wakati wa baridi, hata ikionekana ina ukungu, ina maji machache sana ndani yake. Ikiingia na kupata joto inakuwa kavu na kufyonza unyevu wako, kisha inatoka nao juu.

Chini ya godoro weka mbao zenye nafasi katikati au wavu maalumu wa kuinua godoro. Godoro lililolala moja kwa moja juu ya plaiwudi litaota ukungu ndani ya wiki chache za baridi.

Hatua ya nne: chagua chanzo cha joto

Umeme. Betri ya ampea-saa 100 ya volti 12 ina takriban wati-saa 1,200. Hita ndogo ya umeme ya wati 1,000 itaimaliza kwa saa moja hivi ikiwa ni ya lithiamu, na kwa nusu ya muda huo ikiwa ni ya asidi. Sola wakati wa Desemba kaskazini mwa Ulaya haitaijaza. Kwa hiyo umeme ni wa aliye kambini na waya wa nje. Uliza kwanza kambi inatoa ampea ngapi: ampea 6 kwa volti 230 ni wati 1,380, ukiwasha na birika swichi inaruka, ampea 10 ni wati 2,300, ampea 16 ni wati 3,680. Ukiwa na ampea 10, hita ya feni ya bei ndogo yenye ulinzi wa kujizima ikianguka inafanya kazi safi. Blanketi la umeme la volti 12 linalokula wati 50 au chini ni jambo jingine: hilo betri inaliweza, nami nalipendekeza kwa yeyote.

Gesi. Hita za gesi zenye chumba kilichofungwa zipo za namna mbili. Kuna ndogo za hewa tu, kama Propex HS2000 ya Uingereza inayotoa kilowati 1.9 na kula gramu 142 za gesi kwa saa, na kuna za kampuni ya Truma ya Ujerumani, mfano Combi 4, inayopasha hewa pamoja na lita 10 za maji ya kuoga. Gesi ni kimya, haina harufu ya dizeli, na haijazi masizi. Ubaya wake ni mtungi. Mtungi wa kilo 11 kwa hita inayokula gramu 142 ni saa 77 za kuwaka mfululizo, yaani usiku kama nane wa baridi kali, kisha utafute wa kubadilisha. Na mitungi ya nchi moja mara nyingi haibadilishwi nchi jirani.

Ukichagua gesi, angalia ni gesi gani. Butani huacha kugeuka mvuke ikikaribia sifuri, kwa hiyo mtungi wa butani nje ya Edinburgh mwezi Januari utakuwa umejaa na hautatoa kitu. Propani hufanya kazi hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Huko Uingereza mitungi ya kampuni ya gesi ya Calor ya buluu ni butani na myekundu ni propani. Mitungi ya nyumbani Afrika Mashariki huwa na mchanganyiko wa zote mbili, na kwa hali ya hewa ya kule inafaa. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni zikivuja, ndiyo maana mtungi unapaswa kukaa kwenye kabati lililozibwa upande wa ndani na lenye tundu sakafuni linalotoka nje, lisilopungua sentimita 100 za mraba. Ujerumani mfumo wote hukaguliwa kila miaka miwili kwa kanuni ya G 607. Hata nchi isiyodai ukaguzi, mwite fundi mwenye leseni ya gesi. Kazi ya kuunga mabomba ya gesi si ya kujifunzia kwenye gari unalolala.

Kuni. Vijiko vidogo vya chuma vya kilowati 3 au 4 vinapendeza na hukausha vani vizuri. Lakini vinataka bomba la moshi kupitia paa, nafasi ya wazi pande zote kutoka kwenye mbao, sahani ya chuma chini, hewa ya kutosha na mtu wa kukaa macho. Vinafaa basi kubwa linalokaa mahali pamoja. Kwa vani ya kawaida sivishauri.

Dizeli. Kwa vani nyingi hili ndilo jibu. Mafuta tayari yako kwenye tangi, unayapata kila kituo, na lita moja ina nishati ya karibu kilowati-saa 10. Webasto na Eberspächer, kampuni mbili za Ujerumani zilizoanzia Esslingen, ndizo zilizojijengea jina katika hita hizi. Webasto Air Top 2000 STC hula lita 0.12 hadi 0.24 kwa saa na umeme wa wati 14 hadi 29. Kwa usiku wa saa kumi, hiyo ni lita moja na kidogo hadi mbili na nusu, na ampea-saa zisizozidi 25 za betri. Hita za Kichina zinazofanana nazo zinauzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Zinafanya kazi, na vipuri vyake ni rahisi, lakini mabomba, klipu na sailensa zinazokuja nazo mara nyingi ni dhaifu. Ukinunua ya namna hiyo, tenga fedha ya kubadilisha vitu hivyo kabla ya kuwasha. Vani ya petroli inahitaji hita ya petroli. Usijaribu kuchoma petroli kwenye hita ya dizeli.

Hatua ya tano: kufunga hita ya dizeli

Tafuta mahali kwanza. Chini ya kiti cha abiria ni pazuri kwenye vani nyingi, au ndani ya boksi la benchi. Ingia chini ya gari na tochi kabla ya kutoboa: hakikisha huko hakuna tangi, waya, bomba la breki wala shafti. Toboa, paka rangi kwenye kingo za tundu, na funga hita juu ya sahani yake ya chuma pamoja na gasketi. Gasketi hiyo ndiyo mpaka kati ya moshi na pumzi zako. Ikae bapa juu ya bati tambarare, isiwe juu ya mfereji wa sakafu wala juu ya plaiwudi.

Bomba la moshi lote, pamoja na maungio yake yote, libaki nje chini ya gari. Lisiwe na kiungo hata kimoja ndani. Literemke kidogo kuelekea mwisho wake ili maji yanayotokana na moshi yatoke. Ikiwa sailensa ina kitundu kidogo cha kutolea maji, kitundu kitazame chini. Mwisho wa bomba ufike ukingoni mwa gari, usiishie katikati ya sakafu ambako moshi utatuama, usitazame mbele, na usiwe chini ya mlango wala dirisha linalofunguka. Bomba la kuvuta hewa ya moto liwe mbali na la moshi. Bomba la moshi hupata joto la kuyeyusha plastiki, kwa hiyo livike utepe wa kuhimili moto na liwe mbali na mabomba ya mafuta na breki.

Mafuta yavutwe kutoka tangi la gari kupitia bomba jembamba lake lenyewe. Vani nyingi za kisasa zina mdomo wa ziada wa kuchukulia mafuta juu ya tangi kwa kazi hii. Tafuta hapo kabla ya kutoboa kitu. Kama unaweka bomba jipya, lisifike chini kabisa ya tangi, ili hita iishiwe mafuta kabla ya injini na asubuhi uweze kuondoka. Tumia nailoni ngumu yenye uwazi wa milimita 2, kwa sababu bomba pana hukusanya mapovu ya hewa na moto hukatika. Pampu ifungwe kwenye mpira ili mlio wake wa tik-tik usikukeshe, na ielekezwe juu upande wa kutolea mafuta.

Umeme uchukue moja kwa moja kwenye betri ya kuishi (ile ya sehemu ya kulala, si ya injini), kupitia fyuzi iliyo karibu na betri. Wakati wa kuwasha, plagi ya ndani inayowasha moto huvuta ampea 8 hadi 10 kwa dakika chache, na waya mwembamba utashusha volti hadi hita ijizime ikidai betri imekwisha. Waya wa milimita 4 za mraba unatosha kwa meta chache. Waya ukienda mbali zaidi, weka milimita 6. Kuwaka kukishindikana bila sababu inayoonekana, pima volti kwenye hita yenyewe wakati inajaribu kuwaka kabla ya kulaumu kitu kingine chochote.

Hewa ya moto itolewe karibu na sakafu, kwa mpira mfupi usio na kona kali, na hita ivute hewa kutoka ndani ya vani, si kutoka nje. Usizibe njia hiyo kwa viatu na mablanketi. Ikipata moto kupita kiasi itajizima.

Hatua ya sita: kengele, kisha jaribio

Kengele ya kaboni monoksidi nunua kabla ya hita. Tafuta iliyoandikwa EN 50291-2, ambayo imepimwa kwa magari ya kulala na boti. Ile ya nyumbani tu haikupimwa kwa mtikisiko. Ifunge kwenye usawa wa kichwa chako ukiwa umelala, umbali wa meta moja au zaidi kutoka kwenye hita. Andika juu yake mwaka wa kubadilisha, maana kihisio chake huchoka hata kama betri ni mpya. Kama una gesi, ongeza kengele ya gesi karibu na sakafu.

Washa hita mara ya kwanza mchana, mlango wazi, ukiwa nje. Itachukua majaribio mawili matatu mafuta yafike. Moshi mweupe wa mwanzo si ajabu na utaisha. Moshi mweusi usioisha ni dalili ya hewa pungufu au mafuta mengi. Iache iwake kwa nguvu zake zote nusu saa, ingia chini ya gari, kagua kila kiungo cha mafuta kwa kitambaa kikavu na kila kiungo cha moshi kwa macho. Kisha funga milango yote, washa tena, na uisome kengele baada ya saa moja. Inatakiwa ionyeshe sifuri.

Ikilia usiku, usitafute chanzo. Amsha kila mtu, fungueni milango, tokeni nje, na popote Ulaya piga 112 ikiwa yeyote anaumwa kichwa au amelegea.

Usiku wenyewe

Pasha vani vizuri kabla ya kulala, kisha teremsha themostati hadi nyuzi 12 au 14 na ujifunike. Chupa ya mpira ya lita 2 yenye maji ya nyuzi 80 inabeba zaidi ya wati-saa 100 za joto hadi inapopoa kuwa ya uvuguvugu, na joto hilo linakwenda moja kwa moja miguuni badala ya kuzunguka darini. Kwa mtu mmoja, chupa hiyo na blanketi zito huokoa saa kadhaa za hita.

Theluji ikianguka, toka uchimbe bomba la moshi kabla ya kuwasha, na tena kabla ya kulala. Usifunge hema la pembeni huku moshi ukitokea ndani yake. Angalia pia vani ya jirani: kama bomba lake linaelekea kwenye tundu lako la hewa, sogea.

Hita izime kwa swichi yake na uiache imalize kujipoza. Anayekata umeme ghafla anaiacha na moto ndani bila feni.

Miinuko

Hewa ya mlimani ni nyepesi. Kwenye meta 1,500 shinikizo lake ni kama asilimia 83 ya lile la pwani, na kwenye meta 2,300 ni robo tatu tu. Hita ya dizeli inayopiga kiasi kile kile cha mafuta kwenye hewa pungufu huchoma vibaya na kujaa masizi. Kwa hiyo anayekwenda kuteleza kwenye theluji Livigno, Italia, kwenye meta 1,800, na anayelala Nyahururu au uwanda wa Kitulo wana tatizo moja. Kabla ya kununua, uliza kama hita ina kihisio cha mwinuko kinachopunguza mafuta chenyewe. Nyingi mpya za kampuni kubwa zinacho. Kwa za Kichina, kidhibiti kinaweza kukuruhusu kupunguza mapigo ya pampu kwa mkono. Punguza kidogo kidogo mpaka moshi usionekane, na ukishuka uyarudishe.

Kwa walio nyumbani kuna habari njema katika hesabu ile ile. Nyanda za juu za Kenya na Tanzania, nje kukiwa nyuzi 7 na ndani ukitaka 18, vani iliyovishwa inahitaji kama wati 900 tu. Hiace iliyovishwa sponji, pazia nyuma ya dereva, chupa ya maji ya moto na mablanketi mazuri vinaweza kukufikisha asubuhi bila hita yoyote.

Matunzo

Mara moja kila wiki ya matumizi, iache hita iwake kwa nguvu zake zote dakika 20 ili iunguze masizi. Mwisho wa majira ya baridi ifanyie hivyo tena kabla ya kuipumzisha, na kila mwezi wa kiangazi iwashe kidogo ili mafuta yasikauke ndani ya pampu. Ujerumani dizeli ya majira ya baridi huuzwa kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Februari na inapaswa kuhimili nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukija kutoka nchi ya joto ukiwa na tangi limejaa dizeli ya kawaida, itumie njiani na ujaze upya kabla ya kupanda milimani, kwa sababu nta iliyoganda huziba bomba la hita la milimita 2 mapema kuliko la injini.